Baada ya kurudisha bunduki: mwongozo kwa veterani anayeishi na kiwewe cha vita

Mwongozo huu ni wa aliyerudi nyumbani lakini usiku bado yuko kwenye handaki. Huenda ulikuwa kwenye vita vya msituni vya Luweero, hapa Uganda, kati ya mwaka 1981 na 1986. Huenda ulifukuzana na waasi wa LRA kaskazini, huko Kitgum na Pader, ukavuka mpaka kwenda Kongo mwaka 1998, au ulikuwa miongoni mwa waliotumwa Mogadishu kuanzia Machi 2007. Huenda hukuwahi kuandikishwa na jeshi lolote: ulitekwa ukiwa mtoto, ukabebeshwa bunduki msituni, kisha ukarudi kwa Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000. Mbele ya ugonjwa huu nyote mko mstari mmoja. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyopewa amri kwayo na kutaniana kwayo, Mwacholi na Muganda, Mnyankole na Mlugbara, na mengi ya usiku ule hatujawahi kuyasema kwa lugha nyingine.

Mimi nilikuwa tabibu wa kikosi. Tangu nistaafu kazi yangu kubwa imekuwa kuwasindikiza wenzangu kliniki, kukaa nao kwenye benchi la kusubiri na kurudi nao nyumbani. Wengi wanaoandika juu ya kiwewe huanza na kuzungumza. Mimi naanza na usiku, pombe na silaha, kwa sababu hapo ndipo watu wetu huumia na kuumiza wakiwa bado wanangoja siku ya kliniki. Hatua zenyewe zaweza kwenda pamoja. Usingoje umalize moja ndipo uanze nyingine.

Kama leo hali ni mbaya sana

Ukiwa na mawazo ya kujiua, au ya kumdhuru mtu wa nyumbani, ziache hatua za hapa chini kwa sasa. Ondoka mahali penye silaha, kamba au dawa ya kunyunyizia mimea. Mwite mtu mmoja aje akae nawe sasa hivi, hata kama ni jirani ambaye hamjazoeana. Kisha mwende pamoja hospitali iliyo karibu, iwe mchana au usiku, na mliseme pale mapokezi bila kulizungusha: "Huyu anafikiria kujiua." Hospitali za rufaa za mikoa zina vitengo vya afya ya akili, na Butabika, Kampala, hupokea wagonjwa wa dharura.

Na wewe unayemshuku mwenzako, muulize waziwazi. Swali hilo halimpandikizii mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Nimewauliza wengi, na mara nyingi jibu la kwanza ni pumzi ndefu.

Hatua ya 1: jua kinachokusumbua

Dalili huja kwa namna nne, na si lazima uzione zote kwa ukali mmoja.

Kuna kurudishwa kule. Ndoto za kutisha, au picha inayokuvamia mchana kweupe ukiwa sokoni. Transfoma ya umeme ikilipuka, nyama ikiungua jikoni, helikopta ikipita, na mwili unajibu kabla akili haijafika: jasho, moyo mbio, mkono unatafuta bunduki ambayo haipo.

Kuna kukwepa. Huendi kwenye mazishi ya askari mwenzako. Simu ya rafiki wa kikosi huipokei. Habari za Somalia zikianza redioni, unatoka nje.

Kuna kubadilika ndani. Unajiona umekufa ganzi, mtoto anakukimbilia na huhisi kitu. Unajilaumu kwa kubaki hai, au kwa jambo ulilolifanya. Jambo ulilolifanya kwa mikono yako hulemea kuliko ulilofanyiwa, na ndilo linalochelewa zaidi kusemwa.

Na kuna kukaa macho muda wote. Usingizi wa vipande vipande, hasira inayowaka kwa jambo dogo, kukaa kila mahali mgongo ukutani huku unahesabu milango.

Mambo haya yakiendelea zaidi ya mwezi mmoja baada ya tukio na kuvuruga kazi, ndoa au usingizi, huo ni ugonjwa unaojulikana na una tiba. Kwenye karatasi ya daktari utaona herufi PTSD. Waweza kuanza mara moja, waweza kujitokeza miaka mingi baadaye, mara nyingi mtu anapostaafu na kelele za kambi zinapokwisha. Si kila aliyeona vita huupata, wengi hawaupati. Aliyeupata hakuwa mwoga kuliko wengine. Katika hatari kubwa, ubongo hufunga pamoja hofu na kila kilichokuwepo: harufu, mwanga, sauti ya injini. Kwa watu wengi fundo hilo hulegea baada ya wiki kadhaa. Kwa wengine halilegei lenyewe, na kazi ya tiba ni kulifungua taratibu.

Neno moja la kitabibu hapa. Kama uliwahi kuwa karibu na mlipuko, bomu la kando ya barabara au gari lililojazwa baruti, ukapoteza fahamu au masikio yakaziba kwa siku kadhaa, hilo mwambie daktari hata asipouliza. Kuumwa kichwa, kusahau na kukasirika ovyo kwaweza kutokana na jeraha la ubongo, na majeraha hayo mawili yaweza kukaa ndani ya mtu mmoja.

Hatua ya 2: anza na usiku

Amka saa ileile kila siku hata kama ulilala vibaya. Hilo lina nguvu kuliko kujilazimisha kulala mapema. Chai ya majani na kahawa ziishe mchana. Mairungi uyaache kabisa, kwa kuwa yanafanya kazi ileile ambayo ugonjwa unaifanya: yanakuweka macho.

Ndoto ikijirudia, kuna zoezi linalofundishwa kliniki nawe waweza kulianza. Mchana, ukiwa umetulia, chagua ndoto moja, isiwe ile mbaya kuliko zote. Ibadilishe: mahali inapoharibika, iwekee mwisho mwingine unaoutaka wewe. Gari linafika salama. Rafiki anainuka, anaomba maji. Ipitie ndoto hiyo mpya akilini kwa dakika 10, kila siku, kwa wiki kadhaa. Inasikika kama mchezo wa watoto, lakini nimeona watu wazima wakipata usiku wao kwa njia hiyo.

Ukiamka katikati ya ndoto, usibaki kitandani ukipigana nayo. Kaa, miguu sakafuni, washa taa au tochi ya simu, utoe ripoti kwa sauti kama unazungumza na redio: jina lako, mahali ulipo, tarehe, nini unakiona. "Naitwa fulani. Niko Lira, nyumbani kwangu. Hapa kuna chandarua, hapa kuna jeri ya maji. Sauti ile ni boda boda." Vuta pumzi kwa kawaida, uitoe polepole kuliko ulivyoivuta, mara kadhaa. Hapo mapigo ya moyo huanza kushuka.

Wengi wetu baada ya jeshi tumekuwa walinzi wa kampuni binafsi, zamu ya usiku, bunduki begani. Kazi ni riziki na sitakwambia uiache. Lakini ukiwa na ugonjwa huu, zamu ya usiku huuchochea, maana inakulipa ili ukae macho ukimngoja adui. Omba zamu ya mchana. Ukinyimwa, omba kituo kisicho na silaha, kama lango la shule au ghala. Huna haja ya kumweleza meneja historia yako. Kumwambia kwamba daktari amekushauri ulale usiku kunatosha.

Hatua ya 3: pombe

Hapa nitakaa, kwa kuwa hapa ndipo tunapozikia watu.

Waragi hukupa usingizi wa saa mbili tatu, kisha inakuamsha na ndoto kali zaidi. Mwili unazoea, kipimo kinapanda. Malwa na ajono, vinavyonyweka taratibu mkiwa mmekizunguka chungu, vina jambo moja jema, nalo ni watu. Veterani wengi waliniambia kwamba walichokifuata pale si kilevi, ni mahali ambapo hakuna anayeuliza kwa nini umenyamaza. Kwa hiyo ukiacha chungu bila kupata mahali pengine pa kukaa na watu, utarudi. Hatua ya 8 inahusu hilo.

Jambo ambalo lazima ulijue: kama unakunywa sana kila siku, na asubuhi mikono inatetemeka mpaka upate ya kwanza, usiache ghafla ukiwa peke yako nyumbani. Kuacha kwa namna hiyo kwaweza kuleta degedege, kuchanganyikiwa, hata kifo. Nenda hospitali, sema unakunywa kiasi gani bila kupunguza, upewe dawa za kukuvusha siku hizo za kwanza pamoja na vitamini. Butabika ina kitengo maalumu cha ulevi wa pombe na dawa za kulevya.

Kama unywaji wako haujafika huko, punguza kwa mpango: usinywe peke yako, usinywe chumbani, usinywe ili ulale. Bangi nayo wapo wanaosema inawatuliza. Kwa baadhi huleta shuku na sauti, na kwa mtu ambaye tayari anahesabu milango hiyo ni hatari.

Hatua ya 4: silaha

Ni fupi. Bunduki ya kampuni ibaki kampuni. Panga lisilale chini ya kitanda. Liende stoo au kwa kaka yako. Nafahamu kwamba bila kitu karibu na mkono unajiona uko uchi. Ila mtu wa kwanza kukugusa gizani ni mkeo au mtoto anayetaka kwenda chooni.

Hatua ya 5: tafuta mtu mmoja wa kukusindikiza

Usianze kwa kutangazia ukoo. Chagua mtu mmoja. Anaweza kuwa mama watoto, dada yako, askari mwenzako aliyeonekana kutulia, mchungaji au imamu asiyesambaza habari, au mhudumu wa afya wa kijiji, yule wa VHT anayezijua nyumba zote. Awe mtu wa kushika siri, na awe na nafasi ya kusafiri nawe siku moja.

Huhitaji kumsimulia vita. Maneno yatosha haya: "Tangu nirudi silali vizuri, na nina hasira nisizozielewa. Nataka nione mtaalamu. Naomba unisindikize Jumanne." Taja siku. Ombi lisilo na siku huahirishwa mpaka mgonjwa akate tamaa.

Kwa nini nasisitiza msindikizaji? Kwa sababu kwenye benchi la kusubiri, foleni ikichelewa na watu wakibanana, mwili utakuambia ondoka. Nimewafuata wengi getini. Mwenye mtu pembeni hurudi kukaa.

Hatua ya 6: kliniki

Mlango wa karibu ni kituo cha afya. Vituo vya ngazi ya 2 na ya 3 hutibu zaidi maradhi ya kawaida, lakini wanaweza kukuandikia barua ya rufaa. Kwenye ngazi ya 4 na hospitali ya wilaya, uliza kama kuna tabibu wa magonjwa ya akili au muuguzi wa akili, na siku gani ya wiki wana kliniki. Usikubali kuondoka na panadoli tu. Sema: "Naomba kumwona mhusika wa afya ya akili."

Juu yake kuna hospitali za rufaa za mikoa: Gulu, Lira, Arua, Soroti, Mbale, Jinja, Masaka, Mbarara, Kabale, Fort Portal, Hoima. Hizo zina vitengo vya afya ya akili, na kwa veterani wa kaskazini Gulu na Lira ni karibu kuliko Kampala. Tangu mwaka 2001 vituo vya serikali havitozi ada kwenye huduma za kawaida. Lakini dawa huisha, na nauli ni yako, kwa hiyo nenda na akiba kidogo.

Butabika imekuwepo tangu mwaka 1955, na jina lake limegeuzwa tusi. Wapo waliokataa kutibiwa kwa kuogopa kuonekana kwenye lango lile. Nisikilize, afande: wengi wanaoingia hapo asubuhi hutoka jioni na dawa mkononi, kama kliniki nyingine yoyote. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018 inamtambua mgonjwa anayekuja kwa hiari yake, na inataka huduma hizi zipatikane pia kwenye vituo vya kawaida. Kwenda kutibiwa hakukufanyi kichaa mbele ya sheria.

Aliye bado kazini anaweza kuanzia hospitali ya jeshi, kama Bombo au Mbuya, au kwa tabibu wa divisheni yake. Wanaogopa kwamba wakisema watakosa misheni ijayo ya kutumwa nje ya nchi, na hofu hiyo ina msingi; misheni ni pesa ya nyumba na ada za shule. Ushauri wangu ni kumuuliza daktari kabla ya kueleza lolote: nini kitaandikwa kwenye faili, na nani anaisoma? Swali hilo ni haki yako popote, hata kwenye hospitali ya raia. Ukishapata jibu ndipo uamue utaanza na lipi. Usingizi na hasira vinaweza kutibiwa kabla hujataja jina la kijiji chochote.

Andika kwenye karatasi kabla hujaenda, maana ukifika mbele ya daktari utasahau nusu:

- unalala saa ngapi, na ndoto mara ngapi kwa wiki
- unakunywa nini na kiasi gani
- milipuko au mapigo ya kichwa uliyopata
- dawa unazomeza sasa, za presha, ARV au za kifua kikuu. Baadhi hugongana na dawa za akili
- jambo moja unalotaka libadilike kwanza

Hilo la mwisho lina uzito kuliko unavyodhani. "Nataka niweze kumbeba mtoto wangu bila kushtuka" humpa mtaalamu pa kuanzia.

Hatua ya 7: tiba yenyewe

Tiba yenye ushahidi mkubwa ni mazungumzo ya mpango na mtu aliyefunzwa. Katika namna moja unasimulia maisha yako tangu utotoni, kwa mfuatano, mema na mabaya, na mkifika kwenye tukio mnapita polepole: uliona nini, ulihisi nini mwilini, ulifikiri nini, na sasa uko wapi. Mwisho hadithi inapata tarehe na mahali, na jambo lililokuwa likitokea kila usiku linaanza kuwa jambo lililotokea wakati fulani.

Njia hii ilijaribiwa hapahapa Uganda. Kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wakimbizi waliofunzwa, ambao hawakuwa madaktari, waliwatibu wenzao wa Rwanda na Somalia, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Mwaka 2011 ukachapishwa utafiti mwingine wa kaskazini, kwa vijana 85 waliokuwa wametekwa na kufanywa askari. Walitibiwa vikao 8 na washauri wa jamii zao, na waliosimulia kwa mpango huo walipata nafuu kubwa kuliko waliosaidiwa masomo au waliokuwa wakingoja zamu yao. Nayataja haya kwa sababu nimechoka kusikia kwamba ugonjwa huu na tiba yake ni mambo ya wazungu.

Wiki za kwanza za kusimulia huumiza. Ndoto zaweza kuongezeka kwa muda. Wengi huacha hapo. Mwambie mshauri wako, mpunguze mwendo, lakini usikate.

Dawa zipo, na kwa baadhi yetu ni za lazima. Zinazotumika zaidi ni zile za sonona kama fluoksetini na sertralini, na penginepo amitriptilini, ambayo pia huleta usingizi. Huchukua wiki kadhaa kabla hujaona tofauti, kwa hiyo siku ya kumi usizitupe. Usiache ghafla ukijisikia umepona. Daktari ndiye atakayezipunguza. Diazepamu, ile inayouzwa kirahisi kwenye maduka ya dawa, haitibu kiwewe. Inakulaza siku chache kisha inakufunga, na ikichanganywa na waragi inaweza kukuzima pumzi.

Mkikutana na mshauri asiyewaelewa wanajeshi, msitoke kwa hasira mkaapa hamrudi tena. Ombeni mwingine. Kuna pia TPO Uganda, shirika lenye uzoefu wa miaka mingi katika maeneo yaliyopitiwa na vita, na Mental Health Uganda, chama cha wenye maradhi ya akili wenyewe pamoja na familia zao.

Hatua ya 8: kaa na wenzako

Karibu kila wilaya ina chama cha maveterani, na vingi vimejengwa juu ya akiba na mikopo. Hiyo ni nafasi nzuri. Mtu ambaye hawezi kusema anakwenda kwenye kikundi cha wagonjwa atasema bila aibu kwamba anakwenda kwenye kikao cha akiba.

Kama hakuna kikundi cha kuzungumza, watu watano wanatosha kukianzisha. Kaeni chini ya mti au kwenye ukumbi wa kanisa, si baa. Mkutane siku moja ya wiki, saa ileile. Vyeo vibaki getini. Kapteni na koplo wakae sawa, la sivyo koplo hatasema neno. Kinachosemwa hapo kisitoke. Hakuna kushindana nani aliona makubwa. Asiyetaka kusema asisukumwe, na anayetaka kueleza tukio kwa undani aelekezwe kwa mtaalamu, kwa sababu kikundi kisicho na mtu aliyefunzwa chaweza kuamsha jambo kisilojua kulilaza. Mwalikeni muuguzi wa akili kutoka hospitalini mara moja kwa mwezi. Wengi huja wakiombwa kwa heshima.

Wanawake waliopigana wasiachwe nje, wala wasifanywe wapishi wa kikao. Baadhi yao wamebeba mambo waliyofanyiwa na watu wa upande wao wenyewe, na hawatayasema mbele ya wanaume. Wapeni siku yao na mshauri mwanamke.

Dini na mila

Kwetu kaskazini mtu anayesumbuliwa na waliokufa huambiwa ana cen, na wazee wana njia ya kumpokea aliyerudi kutoka vitani, kama kukanyaga yai kabla ya kuingia nyumbani. Kwingine ni maombi, kisomo au kukesha kanisani. Mimi siyapingi haya. Mtu aliyejitenga na ukoo kwa miaka, akipokelewa hadharani na wazee, hupata kitu ambacho hospitali haina. Kujilaumu kwa mtu aliyeua huhitaji mara nyingine kupelekwa mbele ya Mungu, na mshauri mwema atakubali hivyo.

Ninachokipinga ni kimoja: yeyote anayekuambia utupe dawa ili uthibitishe imani yako, au anayekufunga kamba na kukunyima chakula ili pepo watoke. Ondoka hapo, na umtoe ndugu yako hapo.

Kwa walio nyumbani

Mama, dada, wewe unayelala pembeni yake: usimwamshe kwa kumtikisa. Simama mbali kidogo, washa taa, mwite jina lake kwa sauti ya kawaida, mwambie wewe ni nani na mko wapi. Akiamka usimuulize aliota nini. Mpe maji.

Watoto waambiwe ukweli unaolingana na umri wao: baba anaumwa ugonjwa wa vita, akifoka si kwa sababu yenu. Mtoto asiyeambiwa kitu hujitungia sababu, na mara nyingi sababu hiyo ni yeye.

Lakini ugonjwa hauhalalishi kipigo. Ukipigwa, au watoto wakipigwa, nenda kwa wazazi au jirani, na uende polisi kwenye dawati la familia na watoto, au upige 116, simu ya bure. Unaweza kumhurumia na bado ukaondoka usiku huo. Na wewe pia una haki ya kumwona mshauri. Wake wa askari huchoka hadi kuugua na hakuna anayewauliza.

Karatasi na pesa

Madai ya pensheni na kiinua mgongo huenda Wizara ya Ulinzi na Masuala ya Maveterani, Mbuya. Beba cheti cha kuachishwa kazi, kitambulisho cha taifa na nakala za kila kitu. Nakala zitolewe, asili zibaki kwako. Usimlipe broka anayedai anamjua mtu ndani. Aliyelemaa kazini aulize kuhusu kituo cha jeshi cha urekebishaji cha Mubende. Kiinua mgongo kikitoka ukiwa kwenye miezi mibaya, usikipokee peke yako: kiingie kwenye akaunti ya akiba, mkae na msindikizaji wako mwezi mzima kabla ya kununua chochote kikubwa.

Weka kalenda

Siku mbaya zitarudi hata baada ya tiba, na nyingi zinajulikana tarehe zake. Usiku wa Desemba 31 fataki zitalia Kampala na mijini kote. Tarehe Sita ya Februari, siku ya jeshi letu, kutakuwa na gwaride na redio zitasimulia vita kutwa. Kwa waliokuwa kwenye kambi ya Buulo Mareer, Somalia, au waliopoteza mtu kule, ni Mei 26, siku ambayo mwaka 2023 wenzetu 54 waliuawa. Na una tarehe yako mwenyewe, ambayo hakuna redio itakayoitaja.

Ziandike kwenye kalenda ya ukutani, na wiki moja kabla ya kila moja fanya haya: mjulishe msindikizaji wako, hakikisha dawa zipo, nunua chakula mapema ili usilazimike kwenda mjini, na kama ni fataki, nenda kijijini au kaa ndani na muziki unaoupenda. Panga utakuwa na nani jioni hiyo, mpigie simu, mkubaliane saa.